Shangazi Ana Kutu Kidogo

Siku riziki ilipombishia hodi, Kamusi alikuwa amekaa juu ya dawati bovu kwenye karakana ya fundi seremala, anakunywa chai ya fundi, kwa kikombe cha fundi, na anamlaumu fundi kwa ubahili wa sukari.

Waliompa jina la Kamusi hawakukosea. Mtu yule alikuwa na neno kwa kila jambo. Alishawahi kuuza kiwanja chenye kisima, bila kisima, na bila kiwanja. Msibani alilia kuliko wafiwa na kula kuliko wachimba kaburi. Ukimwuliza asichokijua, hatasema "sijui" hata umtoe kucha. Neno hilo, alikuwa akijisifu, ndilo pekee lisilokuwemo kwenye kamusi yake.

Basi gari kubwa jeupe likasimama mlangoni, akashuka bwana mmoja ambaye tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Alivaa tai yenye nembo ya shule ya sekondari ya pale mlimani. Alikuwa na maduka matatu ya dawa mjini, na alikuwa Mweka Hazina wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani wa shule hiyo. Alikuja kuagiza kabati la vioo la kuwekea vikombe vya ushindi. Kabla hajataja vipimo, macho yake yakatua kwenye dawati.

"Fundi," alisema kwa sauti ya kanisani, "hili limetoka wapi?"

"Shule ya mlimani, bosi. Waliuza makuukuu yao, nikanunua mbao. Nina kama arobaini huko nyuma."

Bwana mkubwa akamwashiria Kamusi ainuke. Akapitisha kidole juu ya herufi mbili zilizochongwa pembeni mwa ubao, akafumba macho, kidevu kikaanza kutetemeka.

"Ni langu," akasema. "Nilichonga mwenyewe, kidato cha pili, kwa wembe wa kunyolea. Mwalimu wa hesabu alinitandika mpaka nikaimba."

Fundi akafungua mdomo. Kamusi akamkanyaga mguu.

"Mzee wangu," akasema Kamusi kwa upole, "urithi hauna bei. Ila fundi ana watoto."

Bwana yule alilipa pesa ya kitanda cha sita kwa sita pamoja na godoro lake. Dawati likafungwa juu ya gari kwa kamba, likaondoka kwa heshima zote.

"Ulitaka kusema nini wewe mbumbumbu?" Kamusi akamgeukia fundi.

"Nilitaka kumwambia ukweli. Herufi zile nilizichonga mimi."

Kamusi alicheka mpaka chai ikampalia. "Wewe! Kwa patasi hii?"

"Wakati ule sikuwa na patasi," fundi alianza, lakini Kamusi hakumsikia. Alikuwa ameshafika nyuma ya karakana, anayahesabu madawati.

Sasa nikueleze habari za chama hicho, maana bila kukijua utamwonea Kamusi kwa kumwita mwizi peke yake. Shule ilikuwa inatimiza nusu karne, na wazee wale walikuwa wameapa kuiadhimisha mpaka ikome. Walianza na mkutano wa kukumbukana, hotelini. Ukafuata mkutano wa kutathmini mkutano wa kukumbukana, hotelini vilevile. Wakachangishana kununua fulana za kuvaa siku ya kuchangishana. Wakaunda kamati ya urithi, na jambo la kwanza kamati iliomba posho. Kufikia mwezi wa nane walikuwa wamekutana mara saba na kushiba mara saba, na kule mlimani watoto mia sita walikuwa bado wanapanga foleni kwenye choo kimoja, mlango wake gunia.

Kikao cha nane Kamusi alihudhuria. Tai aliipata mitumbani, nembo akachorewa na mchora vibao, viatu vyeusi vipya akanunua kwa pesa ya lile dawati la kwanza. Mwenyekiti wa chama, mkandarasi mwenye sauti ya spika ya msikitini na cheni ya saa tumboni, alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ndugu, wewe ulikuwa mwaka gani?"

"Mwenyekiti, si mwaka ule wa mgomo!"

"Ule wa chakula?"

"Kulikuwa na mwingine?"

"Bweni lipi?"

"Lile lililokuwa linavuja."

"Aaaa!" Mwenyekiti akapiga meza. "Nakukumbuka! Jamani, si mnamkumbuka huyu?"

Ukumbi mzima ukamkumbuka. Mmoja alimkumbuka alivyokuwa akikimbia mbio, mwingine alimkumbuka alivyokuwa mwembamba. Ugonjwa mkubwa wa watu wale ni kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake "sikukumbuki", kwa kuogopa kuambiwa "wala mimi".

Na mwenye kuogopa kuliko wote alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Hii ni siri, Kamusi hakuijua, nakupa wewe tu. Mwenyekiti hakusoma shule ile hata siku moja. Alisoma kishule fulani ng'ambo ya mto ambacho hata kibao hakina. Miaka minne nyuma alisikia kwamba wanachama wanapeana zabuni za ujenzi, akanunua tai, akachanga pesa nyingi, na watu wakamkumbuka palepale. Kwa hiyo mle ukumbini walikuwa wamekaa waongo wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa hofu.

Kamusi akasimama kutoa hoja.

"Waheshimiwa, urithi wetu unageuzwa kuni! Mbao zile ndizo zilizolea makalio haya!" Akayapiga makalio yake kofi ili kumbukumbu za kikao ziwe kamili. "Naomba ridhaa tuanzishe mradi: Rudisha Dawati Lako. Wewe toa jina, mwaka na mahali ulipokuwa unakaa. Mimi nitalitafuta dawati lako, popote lilipo, hata jikoni kwa mtu."

Mweka Hazina alisimama akashuhudia, huku analia, jinsi alivyokutana na lake. Hoja ikapita kwa makofi. Nusu ya pesa itakuwa ya shule, nusu ya utafiti. Mtafiti ni Kamusi. Nusu ya shule nayo itatunzwa na mtafiti mpaka siku ya kukabidhi.

Ndipo fundi alipojua maana ya kazi. Alichonga majina, akayasugua kwa majani ya chai, akayapaka oili chafu, akayaning'iniza kwenye moshi mpaka yakazeeka. Mwanasheria mmoja alitaka jina lake na la mkewe ndani ya moyo, amwonyeshe mke kwamba alimpenda tangu kidato cha pili. Mwaka huo mke hakuwa amezaliwa. Daktari wa meno aliomba liandikwe "Kiranja Mkuu", ingawa waliolala naye bweni moja wanamkumbuka kwa godoro lililokuwa likianikwa kila asubuhi. Ofisa mmoja wa forodha alirudisha dawati lake kwa hasira, akidai enzi zake alikuwa anachonga vizuri zaidi ya hapo.

"Na mimi utanilipa lini?" fundi alikuwa akiuliza.

"Kesho, kaka. Hesabu hazijakaa sawa."

Pesa zote zilikaa kwenye boksi la misumari palepale karakanani, chini ya maranda, maana Kamusi hakuziamini benki, na benki nazo zilikuwa na maoni yao juu yake. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Sasa madawati arobaini hayakai mfukoni. Kamati ikaamua lazima ipatikane Nyumba ya Urithi, wajukuu waje waone babu zao walikalia nini. Mwenyekiti akapendekeza nyumba moja ya matofali, vyumba viwili, nyuma ya jiko la shule. Akapendekeza pia mkandarasi wa kuikarabati, na unaweza kukisia ni nani.

Nyumba ile ilikuwa na mtu. Alikuwa Bi Mwiko, mpishi wa shule kwa miaka thelathini na moja, jina alilopewa na wanafunzi kwa sababu ya mwiko wake mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alipostaafu, mwalimu mkuu wa wakati huo alimwambia, "Mama, kaa humu mpaka Mungu akuite." Alisema kwa mdomo. Karatasi hakuandika, na mdomo wenyewe ulishazikwa. Bi Mwiko alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, na duniani hakuwa na paa lingine la kujisitiri.

Walimkuta uani, Mwenyekiti na Kamusi, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mko wangapi? Naona wawili, kivuli cha wanne."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, chama kimeamua kukuenzi."

"Kuenzi ndiyo kufanyaje?"

"Tutaandika jina lako juu ya mlango huu. Kwa rangi ya dhahabu!"

"Mungu awabariki. Na mimi mwenyewe nitakuwa wapi?"

"Wewe mama utahama. Jumamosi ijayo tunazindua."

Mkono wa Bi Mwiko ukasimama juu ya ungo. Iliuma, nisikufiche. Aliangalia mlango wake, aliangalia tuta lake la mchicha. Angelia. Lakini aliwaangalia kwanza nyuso zao, kwa mazoea tu. Unajua, anayewapakulia watoto mia sita kwa mwiko mmoja hatazami sahani, anatazama sura, maana mwizi wa kurudi mara ya pili utamjua kwa sura. Sura elfu na elfu zilipita mbele ya dirisha lake la jiko. Hizi mbili hazikupita.

Machozi yakarudi yalikotoka.

"Sawa wanangu," akasema. "Shule ni yenu. Ila sijui Shangazi atasemaje."

Kamusi, ambaye hakuwa na "sijui", akaruka wa kwanza.

"Shangazi! Jamani, Shangazi yupo bado?"

"Yupo."

"Mama wa watu yule! Alikuwa ananifichia ukoko, mama. Nikichelewa shamba, nakuta kanifunikia."

Mwenyekiti akaona anaachwa nyuma. "Wewe ukoko tu! Mimi nilipougua malaria, Shangazi alinishika mkono usiku kucha."

"Alikushika mkono," akarudia Bi Mwiko.

"Kwa mikono yake yote miwili."

"Mh. Hiyo ndiyo huruma." Bi Mwiko akainamia maharage. "Siku hizi yupo tu. Ana kutu kidogo."

"Uzee huo," Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa majonzi. "Magoti?"

"Mwili mzima."

"Na... anawakumbuka watu?" Kamusi akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Tangu nimfahamu," akasema Bi Mwiko, "sijawahi kuona amesahau mtu. Jumamosi nitamtoa aje awaone wanawe."

Wale wawili wakaaga haraka, kila mmoja kwa njia yake. Walipopotea, Bi Mwiko aliweka ungo chini, akaenda nyuma ya jiko, akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Juu yake, kwenye mnyororo, Shangazi alikuwa ananing'inia, kimya, mviringo, na kutu yake.

Shangazi ni rimu ya lori. Kabla shule haijapata kengele ya umeme, ndiye aliyekuwa akigongwa kwa nondo asubuhi, mchana na jioni, na mgongaji alikuwa Bi Mwiko. Wanafunzi walimwita Shangazi kwa sababu akishaanza hanyamazi mpaka kila mtu amefanya anachotaka yeye. Aliyesoma shule ile amemsikia maelfu ya mara, na aliyeshikwa naye mkono usiku kucha hajazaliwa.

Siku ya Jumatano Mwenyekiti alirudi, peke yake, miguu haitoi sauti.

"Mama, nimewaza. Shangazi mtu mzima, na yale makelele ya Jumamosi... si bora apumzike?"

"Shangazi na makelele ni ndugu, mwanangu. Lakini kupumzika atapumzika wapi? Anakaa hapahapa kwangu. Mkinitoa mimi, naye tunatoka wote, tutakutana nanyi hapo hapo uwanjani."

Mwenyekiti akafuta jasho. Akilini aliona kikongwe ameshika fimbo, anamwelekezea kidole mbele ya wageni waalikwa: huyu ni nani? Akafikiria zabuni zake. Akatoa karatasi ya chama, akaandika papo hapo, akapiga mhuri aliokuwa anatembea nao mfukoni kama wenzake wanavyotembea na leso: nyumba hii ni ya Bi Mwiko, pamoja na Shangazi aliye chini ya uangalizi wake, mpaka mwisho wa maisha yao, na asiwabughudhi mtu.

"Basi hatatoka, mama?"

"Karatasi nzuri hii," akasema Bi Mwiko. "Asante mwanangu."

Nataka uzingatie jambo moja. Bi Mwiko katika habari hii yote hakusema uongo hata chembe.

Alhamisi akaja Kamusi. Huyu tatizo lake lilikuwa kubwa zaidi. Jumamosi ndiyo siku ya mavuno: madawati makubwa kuliko yote, ya jaji, ya mkurugenzi, ya mbunge mstaafu, yangekabidhiwa na kulipiwa hapohapo mbele ya umati. Boksi la misumari lilikuwa nusu ya riziki. Nusu nyingine ilikuwa imesimama nyuma ya kikongwe mmoja mwenye kumbukumbu.

"Mama yangu, nikuulize. Shangazi anasema bado? Anaongea?"

"Mwenyewe hasemi. Mpaka aguswe."

"Akiguswa?"

"Uuu! Mpaka mjini watasikia."

"Na wakati mwingine yuko wapi?"

"Nyuma ya jiko. Kwenye mnyororo."

"Kwenye mnyororo!" Kamusi akashika kifua. "Mama, mmemfunga mtu mzima?"

"Ndivyo alivyo miaka yote. Ukimfungua anabingirika."

Kamusi akawaza. Kichaa mwenye kumbukumbu ni hatari kuliko mwenye kumbukumbu mwenye akili zake, maana hahongeki. Hivyo inabidi amhonge mlinzi wake.

"Anayemgusa ni nani?"

"Ni mimi, miaka thelathini na moja. Ndiyo kazi yangu."

"Basi mama, Jumamosi usimguse!"

Bi Mwiko akanyanyua macho. "Mwanangu, mwanamke mzee nisiye na kitu, kazi nizijuazo ni mbili tu, kupika na kumgusa Shangazi. Kupika nimestaafishwa. Unataka na hii niiache bure?"

Kamusi alitaja kiasi. Bi Mwiko akaendelea kuchambua maharage. Akaongeza. Bi Mwiko akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Kamusi akapiga hesabu: boksi hili nikitoa leo, Jumamosi narudishiwa mara mbili. Mtego wa panya hauhitaji zaidi ya hapo. Akashuka mpaka karakana, akafukua maranda.

"Unapeleka wapi boksi?" fundi akauliza.

"Kwa Shangazi wa kule shuleni. Kuna Shangazi mmoja kule, kikongwe, kichaa, anafungwa mnyororo. Inabidi anyamazishwe."

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Aliutoa, akamtazama Kamusi muda mrefu, akaurudisha.

"Na mimi lini?"

"Kesho!"

"Haya," akasema fundi. "Msalimie."

Boksi likatua mbele ya Bi Mwiko.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

"Za Shangazi."

"Zote?"

"Zote, mama, mpaka sarafu ya mwisho."

"Niandikie, macho yangu mabovu, nisije nikaambiwa nimeiba." Kamusi akaandika: *Mchango kwa Shangazi*, akasaini kwa madaha. "Umeniahidi mama? Hutamgusa?"

"Mwanangu, mimi nimekuambia uniandikie tu."

Jumamosi ikafika, na jua lake. Mahema, viti vya kukodi vyenye mikia ya vitambaa, fulana zilizobana matumbo. Madawati yalipangwa safu mbili, na fundi akizunguka na nyundo kukaza yaliyolegea. Wanafunzi mia sita walisimamishwa juani ili wageni wakae kivulini. Mwenyekiti alihutubia saa nzima juu ya kujitoa kwa ajili ya shule, na kila sentensi ya tatu ilianza na "enzi zetu". Kamusi alisimama kando ya dawati la jaji, amekunja mikono, tayari kwa mavuno.

Ndipo Bi Mwiko akapanda jukwaani bila kuitwa. Hakuna aliyethubutu kumzuia, maana wengi bado walikuwa wanakumbuka mwiko.

"Wanangu, sitachelewesha chakula," akasema. "Nina mambo mawili. La kwanza, Mwenyekiti wenu amenipa nyumba yangu mpaka nife. Karatasi hii, na mhuri huu." Akaipunga. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akatabasamu mithili ya mtu aliyekaa juu ya siafu. "La pili, kuna mwanachama wenu amemchangia Shangazi boksi zima la pesa. Ameandika na kusaini. Shangazi mwenyewe hali, hanywi, hasuki nywele. Kwa hiyo pesa nimemkabidhi mwalimu mkuu, tangu jana, vijengwe vyoo. Nimebakiza za bati la nyumba yangu. Lilikuwa linavuja."

Vicheko vikalipuka kila kona. "Shangazi!" watu wakapiga kelele. "Shangazi bado yupo? Tumsikie!"

Kamusi aligeuka kuangalia getini, akitafuta kikongwe.

Bi Mwiko akashuka, akaingia nyuma ya jiko, akashika nondo.

*Ng'aaa! Ng'aaa! Ng'aaa!*

Hapo ndipo ungeona maajabu. Jaji aliruka juu ya kiti. Mkurugenzi alidondosha soda. Mbunge mstaafu, mwenye miaka sitini na presha, alivuta soksi juu akatimua mbio. Wanaume na wanawake wazima, matumbo mbele, viatu vya bei mbaya vumbini, walikimbilia uwanjani wakapanga mstari, kila mmoja kanyoosha mkono begani kwa wa mbele kupima nafasi, wamenyamaza kimya, wanahema. Hakuna aliyewaamrisha. Miguu ilikumbuka yenyewe.

Na fundi naye. Alitupa nyundo, akakimbia na aproni yake, akasimama kwenye mstari nyuma ya Mweka Hazina, mkono begani kwake.

Waliobaki walikuwa wawili. Mwenyekiti jukwaani, kinywa wazi, anageuza shingo huku na huku. Na Kamusi kati ya madawati, mikono bado imekunjwa.

"Mwenyekiti!" Mweka Hazina akaita kutoka mstarini. "Shangazi amelia, wewe umekaa?"

"Goti," akasema Mwenyekiti. "Goti, jamani."

"Mwacheni," Bi Mwiko akajibu akitokea na nondo yake. "Aliniambia Shangazi alimshika mkono usiku kucha. Anamwonea aibu."

Mstari mzima ukaangua kicheko, watoto mia sita wakadakia.

Usidhani Mwenyekiti alifukuzwa. Kumfukuza kungekuwa kukiri kwamba miaka minne walimkumbuka mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na watu wale wapo radhi kuibiwa kuliko kuumbuka. Ni mwenyekiti mpaka leo. Ila zabuni ya vyoo hakuiomba, na kila akisikia chuma kinagongwa, goti linamuuma.

Kamusi alielewa kila kitu pale alipomwona fundi mstarini. Hakulipwa dawati hata moja. Jaji alipoulizwa alisema ameshashiba kumbukumbu kwa siku ile. Kamusi akamvuta fundi kando, karibu na geti.

"Wewe umesoma hapa?"

"Miaka mitatu. Mpaka ada ilipokata."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia siku ya kwanza kabisa. Nilisema herufi zile nilizichonga mimi. Ulicheka. Lile dawati lilikuwa langu."

"Na Shangazi je? Uliniona nabeba boksi, ukakaa na msumari mdomoni!"

"Uliniuliza Shangazi ni nani?" Fundi akajipangusa maranda. "Wewe si Kamusi? Nani anaelezea neno kwa kamusi? Haya tuyaache. Madawati arobaini nimechonga. Pesa yangu nalipwa na nani?"

Kamusi akafungua mdomo. Akalitafuta neno kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi mikono mitupu.

"Sijui," akasema.

Fundi akamtazama taratibu kuanzia tai mpaka chini, kwenye vile viatu vyeusi, vipya, vilivyonunuliwa kwa dawati lake.

"Basi vua," akasema. "Na ufanye haraka. Shangazi akilia tena, hiyo ni kengele ya chakula."